Ujumbe Ulifika Saa Tano na Dakika Nne

Mpaka alipofikisha miaka thelathini na moja, Uwineza hakuwa mtu wa kuogopa maji. Kwake maji yalikuwa kitu cha kutafutwa. Mtaani Biryogo, Rwanda, alikokulia, katika nyumba ya baba yake muuza vitambaa, watoto waliamka na madumu kwenda kupanga foleni bombani, na mvua ikinyesha walitega mabeseni chini ya mabati huku wakicheza. Walikuwa wa ukoo wa wale Waislamu wa mjini ambao mababu zao walifika na mizigo ya biashara kutoka Ujiji na Tabora, wakaoa, wakabaki. Nyumbani walizungumza Kiswahili, sokoni Kinyarwanda, na kilimo hakuna aliyekijua. Uwineza alishika jembe kwa mara ya kwanza akiwa tayari mke wa mtu.

Mumewe, Ilyasi, alikuwa fundi cherehani mtaa wa Gisimenti, mjini. Kodi ya mjini ilipowashinda walihamia Masaka, pembezoni mwa mji, nyumba ya vyumba viwili juu ya mteremko, na yeye akawa anatoka alfajiri na kurudi jioni. Uwineza alibaki na binti yao, Ishimwe, na kilima asichokijua. Jirani yake, Mukarugwiza, ndiye aliyemshika mkono. Mukarugwiza alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa msichana, na alipogundua kwamba huyu mgeni anaongea Kiswahili alifurahi kama aliyempata ndugu. Mume wake alikuwa dereva wa lori la Dar es Salaam. Mwezi mzima alionekana nyumbani siku nne au tano. Mukarugwiza akamwombea Uwineza nafasi katika kikundi cha akina mama waliolima bondeni, akamfundisha kupanda mchicha, karoti na vitunguu, na namna ya kutembea kwenye tope bila kuacha kandambili.

Shamba lao lilipakana na la Pudentienne, mjane wa miaka sitini na kitu, ambaye wote walimwita Mukecuru, yaani bibi, kwa heshima. Alikuwa akililima bonde lile tangu barabara ya juu ikiwa njia ya ng'ombe. Kiswahili hakukijua, lakini alikielewa zaidi ya alivyokubali.

Ukisimama barabarani saa nne asubuhi na kutazama chini, ungeona vitenge tu. Wanaume walikuwa mjini, wakijenga, wakishona, wakiendesha pikipiki. Bonde mchana lilikuwa la wanawake na la watoto waliokuwa migongoni mwao.

Upande wa kaskazini kilima kilikuwa kimebadilika. Palipokuwa na migomba pakasimama nyumba mpya, mabati kwa mabati, nyua zimesakafiwa, barabara zimepigwa lami, na mifereji ya mawe ikielekezwa chini. Mukecuru alikuwa akieleza kwamba zamani mvua ikinyesha kule juu, bonde lilipata habari kesho yake, ardhi ikiwa imeshakunywa sehemu yake. Sasa ilifika kabla hujafungua kitenge kiunoni. Na mvua zenyewe zilikuwa zimeacha adabu. Zilikataa wiki sita, mbegu zikaungua, halafu zikaja zote alasiri moja.

Ndivyo zilivyokuja mwezi wa nne. Uwineza alikuwa katikati ya vitunguu, Ishimwe akiwa shuleni, na alichosikia kwanza kilikuwa kama lori linaloteremka kwenye changarawe. Alipoinua kichwa maji yalikuwa yameshapita mfereji. Yalimfika kiunoni, yakamsukuma hatua ishirini, yakamwachia kwenye tuta la mihogo. Alitoka salama. Maharage yalikwenda, na simu yake ndogo ya tochi iliyokuwa kifuani ilikufa siku hiyohiyo. Ilyasi aliahidi kumnunulia nyingine, na alikusudia kweli, lakini kila mwezi kulikuwa na jambo lililotangulia.

Tangu hapo hofu ikahamia mwilini mwake. Lori likipita barabarani, jembe lilimponyoka. Akiwa jikoni na sufuria ikianza kuchemka, mapigo ya moyo yalimwenda mbio kabla hajajua ni kwa nini. Bondeni alijichagulia mistari ya pembeni, karibu na njia ya kupandia, na kila baada ya muda alikwenda kuchungulia mfereji kama mtu aliyeacha kitu motoni. Alijionea aibu. Wenzake waliishi na bonde lile maisha yao yote. Yeye, mtoto wa duka, alijiona hana haki ya kulia kwa sababu ya maji ya kiunoni. Ilyasi alipoona anashtuka usingizini alimwambia apumzike msimu mmoja. Lakini mboga ile ndiyo iliyokuwa chakula chao, na hilo hata Ilyasi alilijua.

Mwezi wa saba alikuja Conrad, kijana mpole aliyeajiriwa na mradi mmoja wa tahadhari za mafuriko. Alipita nyumba kwa nyumba na kompyuta ya mkononi. Alieleza kwamba kifaa kimewekwa juu kilimani, kitapima mvua, na ikizidi kiwango ujumbe utatumwa kwa simu za watu wote wa bondeni, nusu saa au zaidi kabla maji hayajafika. Uwineza alimsikiliza kama anayesikia habari za mgonjwa wake kupona.

"Mkuu wa kaya ni nani?" Conrad aliuliza.

"Ni Ilyasi, mume wangu."

"Namba yake?"

Akaitaja. Kisha akamuuliza itakuwaje kama Ilyasi yuko Gisimenti. Conrad alijibu kwamba hilo halina shida, ujumbe unamfikia mtu popote alipo. Uwineza alitaka kuuliza tena, kwa maana swali lake halikuwa hilo, lakini kijana alikuwa ameshaanza kufunga kifaa chake na jua lilikuwa kali. Kwa Mukarugwiza iliandikwa namba ya dereva. Kwa Mukecuru, ambaye hakuwa na simu, iliandikwa ya mtoto wake wa kiume, Cassien, aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi upande wa Gahanga.

Msimu wa mvua fupi ulianza vizuri, na hilo lilimtisha Uwineza zaidi. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja aliona maji ya mfereji yamebadilika rangi akapiga kelele watu watoke. Akina mama kumi na wawili walipanda mbio, mmoja akaanguka na kumwaga kapu la nyanya. Walisimama barabarani muda mrefu. Ilikuja kujulikana kwamba kule juu kuna mtu aliyekuwa anaosha mchanga wa kujengea. Mukarugwiza alicheka, si kwa ubaya, akamwambia Uwineza kwamba akiendelea hivyo watavuna mchicha barabarani. Wengine walicheka pia. Mukecuru hakucheka, alisema tu, kwa Kinyarwanda, kwamba magoti yake hayawezi kupanda mlima kila mara mtu anapoota ndoto.

Uwineza alirudi kwenye mstari wake uso ukimwaka. Akajiapiza kwamba hatapiga kelele tena mpaka ayaone maji kwa macho yake.

Siku tisa baadaye mbingu ya Masaka ilikuwa nyeupe. Wiki hiyo wengi walikuwa wamevuna. Bondeni walibaki wao watatu na wanawake wachache upande wa mbali. Mukarugwiza alikuwa anapalilia karoti, na Mukecuru alikuwa chini kabisa, karibu na daraja la magogo, akifunga mafungu ya mchicha wa soko. Uwineza alikwenda kuchungulia mfereji kama kawaida yake.

Maji yalikuwa ya kahawia, tena mazito. Juu yake yalielea majani ya mgomba yaliyochanika, chupa ya mafuta na kandambili ya mtoto. Harufu yake ilikuwa ya udongo uliong'olewa sasa hivi. Alisimama pale. Akatazama juu: hakuna wingu. Akatazama kilima cha kaskazini: nyuma yake kulikuwa na kitu cheusi, lakini kilikuwa mbali, na mara ngapi alikuwa ameona kitu cheusi mbali. Akamkumbuka yule mwosha mchanga. Akakumbuka kicheko.

Akarudi kwenye mstari wake akainama. Alijiambia atamaliza mstari huo mmoja, halafu atakwenda kuangalia tena, na kama hali imezidi atasema. Mikono yake ilipanda miche ya vitunguu bila yeye kuiona. Alipofika mwisho wa mstari alikwenda tena mferejini. Maji yalikuwa yamefika ukingoni.

"Mama Gatete," alimwita Mukarugwiza kwa jina la mtoto wake, na sauti ilitoka ndogo. "Maji iko inakuja. Leo ni kweli."

Mukarugwiza aliinua kichwa tayari kwa mzaha, akamwona uso, akaacha jembe palepale. Wote wawili wakamwita Mukecuru. Bibi aliinua mkono kuonyesha kwamba amesikia. Kisha akainama kukusanya mafungu yake, moja baada ya jingine, akiyaweka kwenye kapu kwa utaratibu kama mtu aliye na siku nzima. Uwineza alianza kumfuata. Alikuwa amepita matuta matatu sauti ile ilipofika, ya lori kwenye changarawe, na miguu yake ikagoma. Hakuamua kusimama, miguu iligoma tu. Mukarugwiza alimshika kitenge kwa nyuma akamvuta kuelekea njiani.

Maji hayakuja kama wimbi. Yalikuja kama sakafu inayoinuka, yamebeba magogo, miti midogo, vipande vya uzio. Mukecuru alikuwa ameweka kapu kichwani. Walimwona akipiga hatua mbili kuelekea kwao, halafu maji yakamchukua miguu na kapu likaenda upande wake na yeye upande wake. Alishika mabingobingo yaliyoota kando ya mfereji. Waliwaona wanawake wa upande wa mbali wakipanda mlima wa pili. Mukarugwiza alifungua kitenge chake na cha Uwineza akavifunga pamoja, akaingia mpaka magotini, akarusha. Ncha haikufika hata nusu. Alirusha tena. Mukecuru hakupiga kelele. Alikuwa akiwatazama, na midomo yake ilikuwa ikienda, labda akisali. Kisha ukingo wote ulioshikilia yale mabingobingo ukakatika.

Walimpata kesho yake asubuhi, mbali, mahali bonde linapopanuka.

Jioni ya siku ya mafuriko Uwineza alisikia kwa Ilyasi upande wa pili wa siku. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu yake saa tano na dakika nne. Simu ilikuwa inachajiwa chini ya vitambaa, cherehani mbili zikilia, na yeye alikuwa anakimbizana na sare za wahudumu wa baa moja ya jirani. Aliusoma karibu saa sita. Hakuwa na mtu wa kumpigia bondeni, maana hata Mukarugwiza hakuwa na simu. Alimpigia mkuu wa mudugudu, yaani wa kijiji, ambaye alikuwa kwenye mkutano. Akaacha kila kitu, akapanda pikipiki, akafika wakati watu wameshajaa barabarani. Dereva wa lori aliupokea ujumbe wake akiwa Morogoro. Cassien aliusoma juu ya ngazi, na alipoelewa maana yake aliteremka akaketi kwenye mchanga, kwa maana alijua mama yake hana simu. Ilyasi alieleza hayo yote akiwa amekaa sakafuni na mkono juu ya kichwa. Hakumlaumu mtu. Uwineza naye hakumlaumu. Alikuwa na jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa ule mstari mmoja wa vitunguu. Aliupima kichwani tena na tena: dakika saba, labda nane. Magoti ya Mukecuru yangehitaji dakika ngapi mpaka njiani? Mazishini alisimama nyuma kabisa. Cassien alipokuja kumshukuru kwa kujaribu kumwokoa mama yake, Uwineza alishindwa kumtazama usoni. Siku kumi hakusema. Hakula vizuri, na usiku hofu yake ilikuwa mpya: si ya maji tena, ilikuwa hofu kwamba ipo siku mtu atauliza aliyaona lini.

Hatimaye alimwambia Mukarugwiza, wakiwa wanamenya viazi mlangoni. Alimwambia yote: kandambili ya mtoto, harufu, mstari. Mukarugwiza aliweka kisu chini.

"Ulinyamaza kwa sababu nilikucheka," alisema. "Hilo tutalibeba wote wawili. Usilibebe peke yako."

Mwezi wa kumi na mbili waliitwa mkutanoni chini ya hema karibu na ofisi ya mudugudu. Watu wa mradi walikuja na karatasi zao. Mkubwa wao, mwanamume mmoja wa makamo, alitoa pole kwa wafiwa, kisha akaeleza kwamba mitambo ilikaguliwa na haikuwa na hitilafu. Mvua ilipimwa, kiwango kikapita, ujumbe ukatumwa saa tano na dakika nne, na simu tisini na sita kwa mia ziliupokea. Maji yalifika bondeni saa tano na dakika arobaini na tatu. Alisema hizo ni dakika thelathini na tisa, na kwamba wananchi wanapaswa kuhimizwa kuzitumia. Watu waliokaa viti vya mbele walitikisa vichwa kwa kukubali. Wengi wao walikuwa wanaume. Walikuwa wameomba ruhusa kazini.

Uwineza alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu. Mwanamke wa kwao alifundishwa kusubiri aulizwe. Alijikuta amesimama, akashika mgongo wa kiti cha mbele.

"Ulifika kwa nani?" aliuliza.

Yule mkubwa hakuelewa. Uwineza akaendelea, kwa Kinyarwanda, akijikwaa. Aliomba kila aliyepokea ujumbe siku ile asimame. Wanaume wakaanza kusimama, mmoja mmoja, Ilyasi akiwa wa tatu. Akaomba kwamba kati yao yule aliyekuwa bondeni abaki amesimama, wengine wakae. Wote wakakaa. Conrad, aliyekuwa pembeni na kompyuta yake, aliinamisha uso.

Uwineza hakuongeza hotuba. Hakuwa nayo. Aliketi, na sehemu iliyobaki ya mkutano hakuisikia.

Mambo yalibadilika, ingawa si kwa haraka wala si yote. Mradi ulisema mfumo wao unakubali namba moja tu kwa kila nyumba, na kuubadilisha kutachukua mwaka. Conrad ndiye aliyepata njia: aliliandikisha bonde lenyewe kama nyumba. Simu moja ikanunuliwa, ikatiwa kwenye mfuko wa plastiki, na filimbi ya mwamuzi wa mpira ikafungwa pamoja nayo. Penye swali la mkuu wa kaya, akina mama walimwandikisha Uwineza. Alikataa mara mbili. Walimwambia hakuna anayeyasikia maji kama yeye, na safari hii hawakusema kwa mzaha.

Alifikiri hofu itapungua sasa kwa kuwa ujumbe unakuja kwake. Iliongezeka. Mwanzo alikuwa akiogopa maji tu; sasa aliogopa na simu. Aliogopa chaji kuisha, aliogopa kwenda haja nayo, aliogopa kuiacha. Iliita mwezi wa pili, akapuliza filimbi, wakapanda, na maji yakaja kidogo tu, yakaishia mferejini. Iliita tena baada ya wiki mbili, na halikuja hata tone. Mara ya tatu ilikuwa siku ya mavuno, soko la kesho likiwa linasubiri, na walipokaa barabarani mpaka adhuhuri bila kitu, mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mchicha wake umenyauka kwa sababu ya filimbi. Uwineza alimwelewa. Aliporudi nyumbani alimwambia Ilyasi kwamba atairudisha simu. Ilyasi alisimamisha gurudumu la cherehani yake ya nyumbani kwa kiganja, akamuuliza nani ataichukua. Uwineza alifikiria majina yote. Kesho yake akaivaa tena shingoni.

Mwezi wa nne, mwaka mmoja tangu simu yake ndogo kufa, ujumbe uliingia saa nne kasoro asubuhi. Mbingu ilikuwa safi. Mfereji ulikuwa na maji mafupi, meupe, yanayoonyesha mawe ya chini. Bondeni kulikuwa na wanawake kumi na tisa na watoto wanne. Alitazama mfereji, akatazama kilima, na palepale akajiona anataka kumaliza mstari aliokuwa nao.

Akapuliza.

Walitoka. Wengine kwa kunung'unika, wengine wakiburuta makapu, lakini walitoka wote, na yeye akawa wa mwisho kupanda, akiwahesabu migongo. Waliketi kwenye ukingo wa barabara juani, wakifunga mafungu ya mchicha waliyoyawahi. Saa tano ikapita. Wanaume wawili waliopita na baiskeli waliwauliza wanangoja nini.

"Turudi?" Mukarugwiza aliuliza saa sita ilipogonga.

Uwineza alitazama chini. Maji hayakuwa yamebadilika. Hakujua. Alimwambia hivyo, kwamba hajui, na kwamba moyo unamwenda mbio kama siku zote, wala hawezi kusema kama ni maji au ni yeye tu.

"Basi tukae," Mukarugwiza alisema, akasogeza kapu lake ampishe nafasi.

Mwanamke wa mchicha ulionyauka alifungua dumu la uji, likazungushwa. Maji hayakuja siku ile. Saa nane waliteremka, jua likiwa limeshageuka, wakalima kilichobaki cha mchana, na Uwineza akachukua mstari wa chini kabisa, ule wa Mukecuru, karibu na daraja, ambao tangu mwezi wa kumi na moja hakuna aliyekubali kuulima.